Pikapu za gitaa za bei ya chini: unalipia nini, unasikia nini

Kijana mmoja wa kwaya yetu, mpiga solo, alikuja nyumbani Nkuhungu Jumamosi mchana akiwa amelifunga gitaa lake kwenye khanga, maana mfuko wake ulishachanika zamani. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, kisha akalilaza mezani na kunionyesha pikapu, vile vidude vilivyo chini ya nyuzi vinavyogeuza mtetemo wake kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika. "Kaka, hizi pikapu ni za bei rahisi, hazina sauti. Nataka nianze kuchanga hela ninunue za Marekani." Hesabu alikuwa ameshaipiga. Seti ya pikapu tatu za chapa inayosifiwa ilizidi bei ya gitaa zima alilolinunua Kariakoo, na hapo bado nauli ya mzigo na ushuru.

Swali lake nimelisikia kwa wapiga gitaa wengi hapa Dodoma, wa makanisani na wa bendi, na ninaamini linastahili jibu refu kuliko ndiyo au hapana. Pikapu ya bei ya chini inaweza kutoa sauti nzuri sana, na mara nyingi inatoa. Kinachoiangusha huwa ni vitu vinavyoizunguka. Lakini hiyo "mara nyingi" ina mipaka yake, na mipaka hiyo huioni mpaka ujue kilichomo ndani ya kile kidude cha plastiki.

Nilianza na jambo dogo kabla ya kufungua chochote. Nililitazama gitaa kwa ubavu. Pikapu zote tatu zilikuwa zimezama, karibu zilingane na plastiki nyeupe ya kifuani, kama zilivyotoka kiwandani. Nikabonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, yaani mstari wa chuma wa shingoni ulio karibu zaidi na pikapu, na kupima kwa rula ya shule kutoka chini ya uzi hadi kichwa cha chuma cha pikapu: milimita 6. Kila pikapu ina skrubu mbili za pembeni. Nikazizungusha kwa bisibisi hadi nafasi ikawa milimita 2.5 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba. Akachomeka kwenye amplifaya yangu ndogo, akapiga mstari mmoja wa wimbo, akanyamaza, akaupiga tena ule ule.

Nguvu ya sumaku hupungua haraka mno unapoiacha nyuma. Milimita tatu au nne ambazo huzioni kwa macho zinatosha kuifanya pikapu nzima ionekane dhaifu, nyembamba, isiyo na mwili. Ukisogeza kupita kiasi nako kuna madhara: sumaku kali inauvuta uzi, uzi unashindwa kutetemeka kwa uhuru, na noti za juu kwenye nyuzi nene zinatoa sauti mbili zinazogombana hata gitaa likiwa limetuniwa sawasawa. Ajabu ni kwamba pikapu nyingi za bei ya chini zina mvuto mdogo pale juu karibu na uzi, kwa hiyo zinavumilia kusogezwa zaidi kuliko za gharama. Sababu yake iko kwenye sumaku, na hapo ndipo maelezo yanapoanza.

Ndani ya pikapu vinavyofanya kazi ni viwili tu, sumaku na waya. Waya ni wa shaba, mwembamba kama unywele, kipenyo chake kama milimita 0.063, umepakwa vanishi usijigusishe wenyewe, na umezungushwa maelfu ya mara kuwa koili. Pikapu ya kawaida ya gitaa aina ya Stratocaster, la kampuni ya Fender, ina mizunguko kama 8,000. Hakuna betri wala maikrofoni. Sumaku inaufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe sumaku kidogo. Uzi ukitetemeka, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili unatikisika pamoja nao, na uga ukibadilika ndani ya koili, umeme unazaliwa. Michael Faraday aliionyesha kanuni hiyo mwaka 1831, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Mtera, huko kusini mwa mkoa wetu kwenye mto Ruaha Mkuu. Mtera sumaku inazungushwa na maji. Kwenye gitaa uzi unatikiswa na kidole. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwenye pikapu ya namna hii.

Mmarekani George Beauchamp alipotengeneza pikapu ya kwanza iliyofanikiwa sokoni, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kazi ilikuwa hiyo hiyo. Hakuna siri iliyofichwa tangu hapo. Kiwanda chochote chenye mashine ya kuzungusha waya na kihesabio kinaweza kutoa koili iliyo sawa na ya jana na ya juzi.

Sasa sumaku. Zinazotajwa sana ni za aina mbili. Ya kwanza ni alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. Aina yake maarufu, alniko namba 5, ina kobalti karibu robo ya uzito wake, na kobalti ni madini ghali ambayo sehemu kubwa ya dunia inayapata kwa jirani zetu wa Kongo. Ya pili ni seramiki, ambayo msingi wake ni kutu ya chuma iliyochanganywa na stronti au bari na kuokwa kama tofali. Hiyo ni rahisi. Basi viwanda vya magitaa ya bei ya chini huchukua kipande kimoja au viwili vya seramiki, huvibandika chini ya pikapu, na kupitisha vijiti sita vya chuma cha kawaida katikati ya koili vipeleke usumaku juu. Kwenye pikapu ya alniko ya aina ya Stratocaster vile vijiti sita vyenyewe ndiyo sumaku.

Kutoka hapo watu wamezaa imani kwamba alniko ni tamu na seramiki ni kali na mbaya. Siikubali. Mwaka 1972 DiMarzio, mtengenezaji wa pikapu wa New York, alitoa pikapu iitwayo Super Distortion, mojawapo ya pikapu za kwanza kuuzwa kwa ajili ya kubadilishia zilizokuja na gitaa. Ndani yake iliwekwa seramiki, kwa makusudi, na wapiga roki wa muongo ule waliigombania. Sumaku peke yake haina ladha. Sauti inabadilishwa zaidi na chuma kilichopo katikati ya koili. Vijiti vya chuma cha kawaida vinaiongezea koili uzito wa kiumeme, na ndani yake umeme mdogo unazunguka bure na kula sehemu ya sauti za juu. Hiyo tofauti ipo na inapimika. Kama ni nzuri au mbaya inategemea unapiga nini.

Uzito huo wa kiumeme ndio kiini cha jambo zima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua kibuyu, upulize mdomoni mwake. Kinatoa sauti moja, ile yake. Kibuyu kikubwa kinatoa ya chini, kidogo kinatoa ya juu. Ukiimba karibu nacho, noti ile inayolingana na sauti yake inavimba, nyingine zinapita tu. Pikapu iko vivyo hivyo. Ina kilele chake, mahali ambapo sauti zinavimba kabla ya kuanguka, na masikio yetu yanakitambua kilele hicho kama "tabia" ya pikapu. Kikiwa juu tunasema pikapu inang'aa. Kikishuka tunasema imejaa, na kikizidi kushuka tunasema imezibwa na blanketi.

Kilele hicho kinapangwa na vitu viwili. Kimoja ni uzito wa koili, ambao wahandisi wanauita indaktansi na kuupima kwa henri. Unaongezeka kwa mizunguko ya waya na kwa chuma kilicho katikati. Cha pili ni uwezo wa kuhifadhi chaji, kapasitansi, ambao kwa sehemu uko ndani ya koili yenyewe, lakini sehemu kubwa, nakuomba ulisome hili mara mbili, uko kwenye kebo unayochomekea gitaa. Kebo ya kawaida ina kama pikofaradi 100 kwa kila mita.

Tupige hesabu. Pikapu ya koili moja yenye henri 2.5, na kebo ya mita 3: kilele kinaangukia kwenye hezi 5,000 hivi, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde, sauti safi inayometa. Pikapu ile ile na kebo ya mita 10, kama zile tunazozivuta kutoka madhabahuni hadi kwenye meza ya fundi mitambo: kilele kinashuka hadi hezi 3,000. Yaani umeifanya pikapu yako kuwa pikapu nyingine bila kugusa skrubu. Kwa kulinganisha, pikapu nzito ya henri 8, ya kupigia roki kali, kilele chake kwa kebo ile fupi kipo kwenye hezi 2,800. Mtu mwenye pikapu ya gharama na kebo ndefu ya hovyo anaweza kusikika kizito kuliko mwenzake mwenye pikapu ya chini ya dola 10 na kebo fupi nzuri, na hatajua kwa nini.

Hapo hapo kuna voliyamu na toni za gitaa, vile vifundo vya kuzungusha. Kwa pikapu za koili moja huwekwa vyenye ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa kilo-omu 250 (omu 250,000), kwa zile za koili mbili huwekwa 500. Namba ndogo inakibonyeza kilele, namba kubwa inakiacha kisimame. Kwenye magitaa ya bei ya chini hizo voliyamu mara nyingi ni ndogo, zina vumbi, na vumbi letu la Dodoma kuanzia Agosti halina huruma na kitu chochote kinachozunguka. Kama sauti inakwaruza unapozungusha, usiilaumu pikapu.

Watu wanapouza na kununua pikapu hutaja namba moja, ukinzani wa waya kwa kilo-omu, wakidhani ndiyo nguvu. "Hii ni kilo 14, hii kilo 6." Namba hiyo inapimwa kwa testa ya fundi redio yeyote, kwa hiyo imekuwa maarufu. Lakini inakuambia urefu na unene wa waya tu. Ukitumia waya mwembamba zaidi kwa mizunguko ile ile, ukinzani unapanda na sauti haiongezeki. Hata hewa inaibadilisha: shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pikapu iliyoandikwa kilo-omu 6.0 kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 6.3 saa nane mchana wa Oktoba hapa kwetu. Namba hii naitumia kwa kazi moja, kujua kama waya umekatika ndani. Testa isiposoma kitu, koili imekufa. Ikisoma kati ya 5 na 8 kwa koili moja, ni nzima, tuendelee na mengine.

Yule kijana akaniuliza swali zuri sana. "Sasa mbona hapa kwako linasikika, kanisani halisikiki?"

Kanisani kwetu hakuna amplifaya ya gitaa. Magitaa yanachomekwa moja kwa moja kwenye miksa, kwenye tundu lile lile la kinanda, na naamini makanisa mengi kutoka Kizota hadi Kikuyu yanafanya hivyo hivyo, na huko vijijini pia. Hili ndilo linaloua pikapu nyingi nzuri, za bei ya chini na za bei ya juu pamoja. Tundu la gitaa kwenye amplifaya linapokea umeme kwa ukinzani mkubwa, kwa kawaida kama omu milioni moja. Halinywi karibu chochote, linasikiliza tu. Tundu la kinanda kwenye miksa mara nyingi lina omu 10,000 hivi. Kinanda kina umeme wake wa kutosha, hakijali. Pikapu haina nguvu hiyo. Kwa koili ya henri 2.5, tundu la namna hiyo linaanza kuzika kila kitu kilicho juu ya hezi 1,000 hivi, na kile kilele tulichokihangaikia hakipo tena. Kinachobaki ni ule mdundo butu ambao fundi mitambo anajaribu kuufufua kwa kuongeza sauti za juu, na anachokipata ni mchakacho.

Dawa yake ipo na si ghali. Miksa nyingine zina kitufe maalumu cha gitaa kwenye njia moja au mbili, tafuta, kibonyeze. Kama hakipo, weka katikati kisanduku cha DI, au kanyagio lolote la gitaa lenye saketi inayofanya kazi hata likiwa limezimwa. Kazi yake ni kupokea kwa omu nyingi na kutoa kwa nguvu. Kama kwaya ina fedha ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, na magitaa yenu yanaingia kwenye miksa, ningewasihi mnunue hicho kabla ya pikapu yoyote duniani. Faida ya pili ni kwamba kikikaa karibu na mpiga gitaa, zile mita 10 za kebo zinakuwa baada yake, hazigusi tena kilele.

Nirudi kwenye pikapu zenyewe, maana sitaki nionekane kana kwamba zote zinafanana. Ubahili wa kiwanda unaacha alama halisi, na zile zinazosikika ninazijua kwa mikono.

Ya kwanza ni nta. Koili isiyozamishwa kwenye nta ina nyaya zinazotikisika zenyewe kwa zenyewe. Spika ikinguruma karibu, nyaya zinatetemeka, pikapu inageuka maikrofoni mbovu na kuanza kupiga mluzi. Ipime kwa kuigonga polepole kwa kucha huku amplifaya imewashwa: ikisikika kama mtu anabisha hodi mlangoni, haina nta. Tiba yake inapendeza kwa sisi watu wa kanda ya kati, kwa sababu sehemu ya dawa iko mlangoni kwetu. Mafundi wengi hutumia mchanganyiko wa parafini, yaani nta ya mishumaa ya kawaida, sehemu nne, na nta ya nyuki sehemu moja. Nta ya nyuki ya Singida na Tabora haina haja ya kusifiwa na mimi. Unayeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke kopo motoni moja kwa moja kwa sababu nta inashika moto, na uwe na kipimajoto. Nyuzi 65 zinatosha. Ukizidisha plastiki ya pikapu inapinda na hakuna wa kuirudisha. Izamishe hadi vipovu viishe, itoe, ipanguse, iache ipoe.

Ya pili ni shaba nyeupe na shaba njano. Zile pikapu zenye kifuniko cha chuma king'aavu, kifuniko kizuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na cha bei ya chini mara nyingi hutengenezwa kwa shaba njano iliyopakwa kromu. Kwa macho ni pacha. Lakini shaba njano inapitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo mikondo midogo inazunguka ndani yake na kumeza kilele. Pikapu nzuri chini ya kifuniko cha namna hiyo inasikika kama inaimba ndani ya debe. Mara mbili nimefungua kifuniko tu na gitaa likafufuka, bila kubadilisha kitu kingine. Kazi hiyo inataka utulivu, maana waya wa koili ukikwanguka kidogo tu basi tena.

Ya tatu ni kulingana kwa pikapu. Kwenye gitaa la pikapu tatu, ile ya katikati inafaa iwe imezungushwa kinyume na sumaku yake igeuzwe kinyume, ili ukipiga mbili kwa pamoja mvumo ufutane. Viwanda vingi vya bei ya chini huweka tatu zinazofanana kabisa, kwa hiyo mvumo hauondoki popote. Unaweza kujua bila kufungua: weka dira, hata ile ya kwenye simu, juu ya kila pikapu uone sindano inageukia wapi. Zikielekea upande mmoja zote, ndivyo ilivyo.

Mvumo wenyewe ni sauti ya umeme wa nyumbani, ambao kwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Koili inaunasa kutoka kwenye nyaya za ukutani, taa za mirija na transfoma, kwa sababu koili haijui tofauti ya uga uliotikiswa na uzi na uga uliotikiswa na taa. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson alilitatua hilo katikati ya miaka ya 1950 kwa kuweka koili mbili zilizozungushwa kinyume na zenye sumaku kinyume: sauti ya uzi inajumlishwa, mvumo unajifuta. Hiyo ndiyo hambaka. Kanuni yake inafanya kazi kwa bei yoyote. Hambaka ya bei ya chini inafuta mvumo karibu sawa na ya bei ya juu mradi koili zake mbili zinalingana. Ukitaka kubaki na koili moja, bandika karatasi ya shaba au hata alumini ya jikoni ndani ya shimo la gitaa lote, vipande vigusane, kisha viunganishe na waya wa ardhini wa gitaa. Haiondoi mvumo wote, inaondoa ule mchakacho mkali. Na kama mvumo unapungua sana unaposhika nyuzi, na midomo yako ikigusa maikrofoni unahisi kama sindano, acha kupiga. Hapo tatizo ni waya wa ardhini wa jengo, na unaweza kukuua. Ita fundi umeme aliyesajiliwa kabla ya ibada inayofuata.

Nimeitaja Gibson, na hapa kuna jambo linalonigusa kila ninapoona watu wanaidharau pikapu kwa bei yake. Zile hambaka za kwanza za Lover, zilizokuwa na kibandiko cha kusema hataza imeombwa, leo zinauzwa kwa fedha ambayo ingenunua pikipiki. Zilipotengenezwa hazikuwa sawa hata kidogo. Sumaku zake zilikuwa za daraja tofauti tofauti kulingana na kilichokuwepo stoo, na ukinzani wake unatofautiana kutoka karibu kilo-omu 7 hadi 9. Kwa Fender, Abigail Ybarra aliajiriwa mwaka 1956 na akazungusha koili kiwandani kama mfanyakazi wa kawaida; leo herufi zake chini ya pikapu zinapandisha bei. Kampuni ya Danelectro katika miaka ya 1950 ilitengeneza pikapu kwa kutumia mirija ile ile ya rangi ya midomo ya akina mama, kwa sababu ilikuwa rahisi, na magitaa yake yaliuzwa kwenye maduka ya Sears kwa wanaoanza. Jimmy Page alilipiga moja jukwaani na bendi yake ya roki, Led Zeppelin. Ry Cooder, mmoja wa wapiga gitaa wenye masikio makali kuliko wote walio hai, aliweka kwenye Stratocaster yake pikapu iliyotoka kwenye gitaa la bei ya chini la Kijapani la Teisco. Baada ya watu kulijua hilo, pikapu zile zikapanda bei. Sauti yake haikubadilika siku bei ilipobadilika.

Na sisi je? Muziki wa dansi wa Tanzania, ule wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, wa Tabora Jazz, wa NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, ulipigwa kwa vyombo ambavyo kwa kawaida vilikuwa mali ya klabu au taasisi. Mpigaji alipewa gitaa lililopo. Sauti iliyotoka pale, solo inayopanda juu bila ukungu, ridhimu inayokatika kavu, inahitaji kilele kilicho juu na nguvu ndogo. Kwaya zetu zimeirithi sauti hiyo. Kwa hiyo kijana anayenunua hambaka nzito ya gharama iliyotengenezwa kwa ajili ya roki, akapige pambio, amelipa fedha nyingi kuikimbia sauti anayoitafuta. Pikapu rahisi ya koili moja, iliyopangwa vizuri, iko karibu nayo zaidi. Najua wapo watakaobisha. Waje tusikilize pamoja.

Gharama ina mahali pake. Kama unarekodi kila wiki na unataka seti ya pili iwe sawa kabisa na ya kwanza, kama unataka koili moja isiyovuma hata kidogo, kama unapiga kwa sauti kubwa yenye mkwaruzo mwingi ambako kila kasoro ya nta inapiga kelele, mtengenezaji makini anayelipa wafanyakazi vizuri na kupima kila pikapu anastahili fedha yake. Ninachokataa ni kuanzia huko.

Tulimaliza Jumamosi ile jioni. Pikapu ya shingoni na ya katikati zilikuwa nzima, tuliziinua na kuzizamisha kwenye nta. Ya karibu na kiegemeo cha nyuzi ilikuwa kali mno, na tulipochungulia nyuma tukakuta haijaunganishwa na toni yoyote, kama ilivyo kwenye Stratocaster nyingi. Kipande cha waya cha urefu wa kidole, na tone la risasi kwenye swichi, vikatosha. Voliyamu tulibadilisha. Nyuzi alinunua mpya Jumatatu.

Gitaa la mwenzake wa ridhimu lilikuja wiki iliyofuata, na pikapu yake moja testa haikusoma kitu. Tukatoa nyingine kwenye gitaa lililovunjika shingo, lililokuwa limelala stoo ya kanisa miaka mingi, haina jina wala kibandiko. Ilisoma kilo-omu 5.8. Dira ikaonyesha imegeuka kinyume na zile mbili zilizobaki kwenye gitaa, tukaiweka katikati. Sasa akipiga ile nafasi ya pili ya swichi, inayowasha pikapu mbili kwa pamoja, mvumo unakatika kabisa.